Bwana Harusi Mgeni: Ndoa, Uraia na Wanawake wa Mji wa Kale

Kwa karne nyingi, aliyefika Mombasa kutoka ng'ambo na kuoa alikuwa mwanamume. Kaskazi ilileta majahazi ya Hadhramaut na Oman mpaka Bandari ya Kale, na kabla kusi haijaanza kuvuma mwezi wa Aprili, baharia na mfanyabiashara walikuwa na miezi ya kuuza tende, kununua boriti na kujuana na watu. Wengine walirudi kwao. Wengine walipeleka posa.

Posa ikikubaliwa, wanaume walikaa juu ya busati, walii akamshika mkono bwana harusi akamwoza mbele ya mashahidi wawili, kisha halua na kahawa tungu zikapita. Tangu siku hiyo mgeni alikuwa na wakwe na mtaa wa kumsemea. Mara nyingi alihamia kwa mkewe, kwani mila ya pwani, hasa Lamu, ni baba kumpa binti yake nyumba. Mke ndiye aliyemfanya mume kuwa mwenyeji. Koo kadhaa zenye asili ya Uarabuni katika mitaa ya Kibokoni na Kuze zilianza namna hiyo, na sioni aibu kusema kuwa wanawake ndio walioujenga mji huu.

Kenya ilipojitawala tarehe 12 Desemba 1963, ukanda wa pwani uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar ukawa sehemu ya nchi mpya, na katiba yake ikaligeuza jambo hili juu chini. Mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mkenya alikuwa na haki ya kuandikishwa kuwa raia. Mume mgeni wa mwanamke Mkenya hakuwa na haki hiyo. Sheria ya Uhamiaji ya 1967 ilimtaka awe na kibali chake mwenyewe, na kibali kikiisha, nyumba nzima iliingia wasiwasi.

Watoto nao waliguswa. Aliyezaliwa ng'ambo alirithi uraia wa baba Mkenya, si wa mama. Katika mji ambao mabinti wake huolewa Muscat, Dubai na Jeddah, hilo lilikuwa jeraha. Binti wa Kibokoni aliyejifungulia Muscat, akaachwa na kurudi kwa mamake, alirudi na mtoto ambaye nchi ya babu yake ilimhesabu mgeni. Dhuluma hiyo ilidumu karibu miaka 47.

Katiba ya tarehe 27 Agosti 2010 iliiondoa. Mtoto hupata uraia kwa mama au kwa baba, popote alipozaliwa. Mume au mke wa Mkenya anaweza kuomba uraia baada ya miaka saba ya ndoa, na uraia haupotei kwa talaka. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 ikaongeza hatua ya katikati: ndoa ikitimiza miaka mitatu, mwenzi wa raia anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Kwa uraia, sheria hiyo inakataa ndoa iliyofungwa kwa ajili ya kutafuta karatasi tu, lakini inaitambua iliyofungwa kwa taratibu zinazokubalika kisheria nchini, na nikaha imo.

Kinachokwamisha wengi ni ushahidi. Usajili wa ndoa za Kiislamu ulikuwapo tangu sheria ya 1906, na Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka zisajiliwe kama ndoa nyingine. Hata hivyo zimo nikaha zilizoachwa mikononi mwa mashahidi. Mbele ya Mungu zimetimia. Mbele ya afisa wa uhamiaji hazina tarehe. Mashahidi wakishafariki, mke hubaki kuithibitisha ndoa ambayo mtaa mzima ulikula pilau yake. Anayeozesha binti yake kwa mgeni leo aisajili nikaha mapema na kukiweka cheti pamoja na hati za nyumba, kwa sababu tarehe iliyomo ndiyo itakayotumika kuhesabu ile miaka mitatu.