Kipimo cha Hewa katika Milima ya Kisii

Msafiri aondokaye Kisumu asubuhi akiwa na shati jepesi, akapita tambarare za Kano na kupanda kwa njia ya Sondu na Oyugis, hufika mji wa Kisii akitafuta koti lake. Safari yenyewe si ndefu, lakini amepanda zaidi ya mita 500 kutoka usawa wa Ziwa Viktoria. Kwa kawaida hewa hupoa kwa kiasi cha digrii 6 za Celsius kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa hiyo msafiri huyo ameacha nyuma yake joto la digrii 3 hivi, na akiendelea hadi Nyamira ataacha jingine. Mtu aweza kudhani kwamba digrii 3 ni jambo dogo, la kuamua koti tu. Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba katika milima hii digrii moja imekuwa ikiamua mambo makubwa zaidi, na kwamba historia ya nchi hii haielezeki vizuri bila ya kutaja joto na unyevu wa hewa yake.

Wagusii walizijua tabia za hewa kabla ya chombo chochote cha kioo kufika kwao. Mapokeo ya wazee, ambayo mwanahistoria William Ochieng' aliyakusanya katika kitabu chake cha mwaka 1974, yasema kwamba zamani kabila hili lilikaa katika tambarare za Kano, kisha likahamia Kabianga, upande wa Kericho. Huko Kabianga baridi iliwashinda. Mazao yaliharibika, mifugo ikafa, na watu wakapatwa na dhiki. Wazee wa Kigusii hulifasiri jina la mahali pale kuwa lina maana ya kukataa, kana kwamba ardhi yenyewe iliwakataa. Ndipo wakashuka tena kuja katika milima ambayo wajukuu wao wanaikalia hadi leo: si ya joto kali kama kando ya ziwa, wala si ya baridi kali kama kule walikotoka. Hawakuwa na kipima-joto. Kipimo chao kilikuwa ni wimbi shambani na ng'ombe zizini, nacho kilisoma polepole, kwa gharama ya njaa. Vilevile walikuwapo waganga wa mvua, walioitwa abagimba, ambao kazi yao ilihitaji kuyachunguza sana mawingu, upepo na majira.

Wakati huohuo, mbali na hapa, watu wa Ulaya walikuwa wakijaribu kuyageuza maarifa ya namna hiyo yawe tarakimu. Daniel Fahrenheit alitengeneza kipima-joto chema cha zebaki mwaka 1714, na Anders Celsius wa Uswidi alitoa vipimo vyake vya digrii 100 mwaka 1742. Joto, basi, lilikuwa limepatiwa kipimo. Unyevu ulikuwa mgumu zaidi, kwa kuwa mvuke wa maji uliomo hewani hauonekani kwa macho. Mwaka 1783 Horace-Bénédict de Saussure, mtaalamu wa Geneva, alieleza jinsi unywele wa binadamu unavyorefuka hewa ikiwa na unyevu na kufupika hewa ikikauka, naye akautumia unywele huo kusukuma mshale wa kipimo. Baadaye, katika karne ya 19, ilipatikana njia iliyo sahihi zaidi, nayo ni ya vipima-joto viwili vilivyowekwa pamoja.

Njia hiyo yafaa ielezwe, kwa maana kila mwanafunzi aweza kuifahamu kwa kuutazama mtungi wa maji nyumbani kwao. Maji ya mtungi wa udongo hubaki baridi hata wakati wa jua, kwa sababu maji machache hupenya udongoni, hugeuka mvuke, na katika kugeuka huchukua joto la mtungi. Vivyo hivyo, kipima-joto kimoja huachwa kikavu, na cha pili huvikwa kitambaa chepesi kilicholowanishwa kwa maji safi. Hewa ikiwa kavu, maji ya kitambaa hukauka upesi, na kipima-joto hicho hushuka sana. Hewa ikijaa mvuke, maji hayakauki, na vyombo vyote viwili husoma sawa. Tofauti ya masomo hayo hutafutwa katika jedwali, na jedwali hutoa unyevu kwa kila mia. Kwa mfano, kikavu kikisoma digrii 20 na chenye kitambaa kikasoma 16, hewa inao mvuke wa karibu theluthi mbili ya kiasi iwezacho kubeba.

Ili kuzipata tarakimu hizo mahali popote, mafundi waliviweka vipima-joto viwili katika fremu moja yenye mpini, mfano wa kayamba ya watoto. Mpimaji husimama kivulini, akielekea upepo, na kukizungusha chombo kwa mkono kwa dakika moja au zaidi. Kisha husoma upesi, akianza na kile chenye kitambaa, kabla joto la mwili wake na pumzi yake hazijakiharibu kipimo. Hicho ndicho kipima-unyevu cha mkononi cha zamani. Kazi yake ni rahisi, lakini haimpendi mtu mzembe. Kitambaa kikiwa kichafu, au maji yakiwa machache, tarakimu itakuwa ya uongo, na uongo huo utaandikwa katika daftari kwa wino uleule wa kweli.

Huduma ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilianzishwa mwaka 1929, chini ya uongozi wa Albert Walter aliyetoka Mauritius. Tangu hapo vituo viliongezeka: vibanda vya mbao vilivyopakwa rangi nyeupe, vyenye kuta za vibao vilivyoinama ili upepo upite na jua lisiingie. Enzi za ukoloni masomo yaliandikwa kwa vipimo vya Fahrenheit. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilichukua kazi hiyo mikononi mwake, na katika Kenya yafanywa na Idara ya Hali ya Hewa, ambayo ina kituo chake Kisii pia. Si serikali peke yake iliyopima. Mashamba makubwa ya chai ya Kericho yaliweka madaftari yao, kwani chai ni mmea unaotegemea sana hewa. Na zao hilo lilipoenea kwa wakulima wadogo wa Kisii na Nyamira, chini ya mamlaka ya chai iliyoundwa mwaka 1964, viwanda vilijengwa karibu na mashamba yao, kama vile Nyankoba, Kebirigo na Kiamokama. Katika kiwanda cha chai kipima-unyevu ni cha lazima. Majani yanaponyaushwa yahitaji hewa iwezayo kuchukua maji yao. Yakisha kusagwa na kuachwa yageuke rangi, yahitaji hewa baridi yenye unyevu mwingi. Mtu akikosea hapo, jasho la mchuma chai limepotea.

Lakini jambo lililozifanya tarakimu hizo ziwe na uzito mkubwa kuliko bei ya chai ni malaria.

Yajulikana tangu mwaka 1897, alipogundua Ronald Ross, kwamba vijidudu vya malaria hukua ndani ya mbu. Mbu akimuuma mgonjwa leo, hawezi kumwambukiza mtu mwingine kesho. Vijidudu vyapaswa kwanza kukomaa ndani yake, na muda wa kukomaa watokana na joto. Wataalamu hutumia hesabu hii kwa malaria iliyo kali: chukua 111, ugawanye kwa digrii zinazozidi 16. Hewa ikiwa na digrii 18, zahitajika siku 55 au 56, na mbu ni wachache mno wanaoishi muda huo. Ikiwa digrii 20, zahitajika siku 28. Ikiwa digrii 21, siku 22 tu. Tazama, basi, tofauti ya digrii moja: siku 6 katika maisha ya mdudu ambaye maisha yake yote ni majuma machache. Na unyevu nao una sehemu yake, maana hewa ikiwa kavu mbu hufa mapema, na ikiwa na unyevu wa 60 kwa mia au zaidi huishi siku nyingi zaidi. Milima ya Kisii ipo penye mpaka huo hasa. Watu wa kando ya ziwa huumwa tangu utotoni, na miili yao huzoea kwa kiasi fulani kupigana na ugonjwa. Watu wa milimani hawana ngao hiyo, kwa hiyo malaria ikiwafikia huwaua wakubwa kwa wadogo.

Ndivyo ilivyotokea. Mwaka 1945 daktari P. C. C. Garnham alikwisha kuandika juu ya malaria iliyozuka katika sehemu za Kenya zilizo juu kupita kiasi. Kisha, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, milipuko ilirudi katika nyanda za juu za magharibi, na mwaka 1999 na 2002 wilaya za Gucha na Kisii zilipatwa vibaya. Wodi zilijaa hata wagonjwa wakalala wawili wawili.

Swali likawa: ni kwa nini? Wengine walisema nchi imepata joto. Wengine walijibu kwamba dawa ya klorokwini imeacha kufaa, na kwa kweli serikali iliiacha mwaka 1998. Wengine walitaja vinamasi vya mabondeni vilivyolimwa, na mashimo ya kufyatulia matofali yanayotuamisha maji ya mvua. Mwaka 2002 wataalamu waliandika katika jarida la Nature kwamba hawakuona badiliko la maana la joto katika sehemu nne za nyanda za juu, Kericho ikiwa mojawapo. Mwaka 2006 wengine walizipitia tarakimu za namna ileile, wakaziongeza miaka, nao wakaona joto limepanda. Watu wenye elimu walitofautiana, na chanzo kimoja cha tofauti yao kilikuwa hiki: tarakimu walizozitumia hazikuwa masomo ya kibanda kimoja kilichotazamwa kila siku, ila makadirio yaliyojazwa kutoka vituo vilivyotawanyika, tena katika nchi ya milima na mabonde, ambako mwendo wa saa moja kwa miguu hubadili hewa.

Mwaka 2011 Judith Omumbo na wenzake walifanya jambo lililo rahisi kulisema na gumu kulitenda. Walikwenda kwenye masomo ya kituo cha mashamba ya chai ya Kericho, wakayakagua moja moja, wakapata mfululizo wa miaka 30 unaoweza kuaminiwa. Mfululizo huo ulionyesha kwamba joto limepanda kwa kiasi cha sehemu mbili za kumi za digrii kila miaka kumi. Hawakusema kwamba joto pekee ndilo lililoleta malaria, wala mimi sisemi hivyo. Walisema kwamba haiwezekani tena kudai kwamba joto halikubadilika. Na neno hilo halikutoka kwa mtaalamu pekee. Lilitoka kwa wapimaji wasiojulikana majina, waliokiendea kibanda asubuhi baada ya asubuhi, mvua ikinyesha au isinyeshe, bila kujua kwamba siku moja tarakimu zao zingetolewa kuwa ushahidi. Haba na haba hujaza kibaba.

Siku hizi kipima-unyevu cha mkononi hakizungushwi. Mwaka 1973 kampuni ya Vaisala ya Finland ilitoa kipande chembamba kinachofyonza mvuke wa hewa, na kwa kufyonza hubadili kiasi cha umeme kiwezacho kuuweka. Kutokana na ufundi wa namna hiyo vimepatikana vyombo vidogo vya kuingia mfukoni, vinavyoonyesha joto na unyevu papo hapo. Mwanafunzi aweza kusimama bondeni penye kinamasi, kisha akapanda hadi ukingo wa Manga, na kujionea tofauti kwa macho yake.

Hata hivyo urahisi una hatari yake. Kipande hicho huchoka kwa vumbi, moshi na miaka, na chombo huendelea kuonyesha tarakimu nzuri zisizo kweli. Yafaa kukijaribu. Weka chumvi ya kula katika kifuniko kidogo, uiloweshe kwa maji machache hata iwe kama uji mzito. Itie pamoja na kipimo ndani ya chupa au mfuko usiopitisha hewa, chumvi isikiguse chombo, uache kwa saa nyingi mahali pasipobadilika joto. Hewa ya humo ndani itatulia kwenye unyevu wa 75 kwa mia. Chombo chako kikisoma 68 au 83, umejua kosa lake, na tangu hapo waweza kulisahihisha katika daftari.

Wahenga wa Kigusii walisoma hewa kwa mazao yao, na makosa ya kipimo hicho waliyalipa Kabianga. Sisi tumepewa njia ya kusoma bila kungoja njaa wala homa itufundishe. Sharti lake ni moja: kupima mahali pamoja, kwa saa ileile, kwa chombo kilichokaguliwa, na kuandika kilichoonekana, hata kama sicho kilichotarajiwa. Shule yenye kibanda cha mbao, daftari na mwanafunzi mwaminifu mmoja kila asubuhi inaweza kufanya hivyo. Na endapo miaka 30 ijayo mtu atauliza iwapo hewa ya Kisii na Nyamira imebadilika, daftari hilo litamjibu.