Mgongo wa Nishani

Makumbusho huionyesha nishani kwa uso wake: sura ya mfalme, tarehe, utepe uliopigwa pasi. Mgongo wake hubaki gizani, na ndiko kwenye pini, kulabu, parafujo na vitanzi vya kushonea. Mtu anayetaka kujua jeshi liliishije afadhali aigeuze nishani. Uso unasimulia mtawala alitaka akumbukwe kwa lipi, ilhali mgongo unaeleza mwanajeshi alivaa kitambaa gani na nguo hiyo ilifuliwa mara ngapi.

Mwanzoni ilikuwa kazi ya sindano na uzi. Tarehe 7 Agosti 1782 George Washington aliagiza askari wake waliofanya jambo la kipekee wavae moyo wa kitambaa cha zambarau, wenye pindo jembamba, upande wa kushoto wa kifua. Haukuwa na chuma wala pini, ulishonwa. Hata Msalaba wa Chuma wa Prussia, ulioanzishwa mwaka 1813, ulifuata njia hiyo: misalaba ya daraja la kwanza ya miaka hiyo ilikuwa na vitanzi vinane mgongoni ili ishonwe kifuani. Kwa koti la sufu hilo halikuwa tatizo. Sufu nzito ilikung'utwa na kupigwa brashi, haikutumbukizwa kwenye beseni kila wiki, kwa hiyo kilichoshonwa kilikaa mpaka koti lenyewe lichakae.

Waingereza walipowagawia nishani askari wote wa vita vya Waterloo bila kujali cheo, waliwapa yenye pete ya chuma hafifu kinachoshika kutu. Wengi walikwenda kwa sonara wakatengenezewa kishikio cha fedha kwa gharama zao. Pini nayo ilikuwa na mikasa yake. Tarehe 26 Juni 1857, katika bustani ya Hyde Park, London, Malkia Victoria aliwavisha watu 62 Msalaba wa Victoria bila kushuka farasini. Wa kwanza alikuwa Henry Raby wa jeshi la majini, na masimulizi yanadai kwamba Malkia alipoinama pini ilipenya koti ikaingia mwilini, naye Raby akasimama kimya. Siku hizi katika sherehe za namna hiyo kulabu hutangulizwa kifuani mwa anayetunukiwa, na mtawala hutundika tu.

Mambo yalibadilika kwenye nchi za joto. Askari wa King's African Rifles, yaani Keya, kikosi kilichoundwa mwaka 1902, hakuvaa sufu ya London. Alivaa kaki ya pamba, inayoloa jasho, inayofuliwa, inayotiwa wanga na kupigwa pasi mpaka isimame yenyewe. Shaba iliyoshonwa kwenye nguo ya namna hiyo ingeipaka madoa ya kijani, na pasi ingegonga mwamba. Ndiyo maana vifungo vya sare hizo vilishikiliwa kwa pete ndogo nyuma ya kitambaa, vikatolewa kabla ya kufua na kurudishwa baadaye. Beji zilikuwa na masikio mawili yaliyopenya tundu za nguo, kisha pini ya shaba ikapitishwa ndani yake. Tepe za nishani zilikaa kwenye ufito wenye pini, ukachomolewa mara moja. Kwa maneno mengine, aliyeamua muundo wa mgongo wa beji alikuwa dobi zaidi kuliko jemadari.

Nishani iliyovaliwa sana na watu hao ilikuwa Africa General Service Medal, nayo ilianzishwa mwaka huohuo wa 1902. Utepe wake ni wa manjano, wenye pindo nyeusi na mistari miwili ya kijani. Mwanajeshi aliyekwenda vitani zaidi ya mara moja hakupewa nishani ya pili. Aliongezewa kibamba cha fedha chenye jina la mahali, kilichounganishwa kwa ribiti juu ya kile cha awali, utepe ukapita nyuma ya vyote viwili. Kwa hiyo nishani ilirefuka kadiri vita vilivyoongezeka. Kibamba kimoja kimeandikwa Nandi, 1905-06. Kingine, cha miaka ya 1950, kimeandikwa Kenya tu, nacho kilitolewa kwa waliopigana na Mau Mau. Waafrika nao walivibeba vibamba hivyo, na sioni njia ya kulitazama jambo hilo bila uchungu.

Ukingoni mwa nishani hizo hupigwa namba, cheo, jina na kikosi cha mwenyewe. Lakini Nyota za Vita Kuu ya Pili zilizotolewa na Uingereza hazikuandikwa jina. Mjukuu wa askari aliyekwenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye alama ya kichwa cha kifaru begani, anaweza kushika Nyota ya Burma mkononi na chuma chenyewe kisimwambie kitu. Vita hivyo vilibana hata beji za kofia: shaba ilipohitajika kwa risasi, Uingereza ilitengeneza za plastiki, zenye vijiulimi vya kukunjwa kwa nyuma.

Warusi walichagua parafujo. Nyota Nyekundu, iliyoanzishwa mwaka 1930, ilipenya gwanda ikakazwa kwa nati kutoka ndani. Haidondoki hata mtu akitambaa kwenye matope, lakini huacha tundu. Wahifadhi wa leo huzisoma tundu hizo: mahali zilipo, na nafasi kati yake, huonyesha nishani zipi zilikaa hapo hata kama zimekwisha kuuzwa.

Kifua nacho kina mwisho. Desturi ya Waingereza, nishani zikizidi tano au zaidi kidogo, ni kuzipandanisha kwenye ufito mmoja, ile iliyo karibu na katikati ya kifua ikionekana nzima na nyingine zikijificha nusu. Idi Amin, aliyeingia Keya mwaka 1946 baada ya Vita Kuu ya Pili kwisha, alijivisha nishani za vita hivyo alipokuwa rais wa Uganda. Inasemekana hakukubali kuzipandanisha. Aliagiza koti lirefushwe.