Maua ya Pazia Yalitoka Wapi?

Akina mama wenzangu, katika miaka hii kumi ya kuweka akiba, wengi wetu tumenunua mapazia na vitambaa vya makochi. Je, tunajua maua yake yanafumwaje?

Pwani yetu ilijua kufuma tangu zamani. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, alieleza kwamba nguo zilizofumwa huko zilipelekwa hadi Misri.

Lakini kufuma maua ndiyo ilikuwa kazi hasa! Kule Lyon, Ufaransa, mfumaji wa hariri alihitaji msaidizi wa kuvuta kamba kutwa nzima, ili nyuzi fulani za mtande ziinuke na mshindio upite. Mwaka 1804 Joseph Marie Jacquard alikamilisha mtambo ulioongozwa na kadi zenye matundu: penye tundu, uzi unainuka. Mvuta kamba hakuhitajika tena. Wafumaji wengi walikasirika, kwani waliona riziki inaondoka. Hata hivyo, baada ya muda nguo za maua ziliacha kuwa za matajiri peke yao.

Kwa hiyo ukifika dukani, jamani, geuza kitambaa. Maua yakionekana nyuma kwa rangi zilizobadilishana, yamefumwa. Nyuma kukiwa kumepauka, mara nyingi yamepigwa chapa tu. Pazia laweza kuwa jepesi, lakini kochi lataka kitambaa kilichoshikamana. Nyuzi ndefu zilizolala juu hunasa na kukatika upesi.

Akiba yetu ni jasho letu. Haba na haba hujaza kibaba. Tusikimwage kwa uzuri wa upande mmoja.