Kuzima Injini na Kuzima Moto: Kisa cha Onyo Moja Angani

Sisi tunaoshughulika na istilahi tumezoea kuambiwa kwamba maneno ya ufundi ni majina tu, na kwamba madhali mafundi wenyewe wanaelewana, haidhuru yakifasiriwa hivi au vile. Katika makala haya tunakusudia kueleza kisa kimoja cha usafiri wa anga ambacho, kwa maoni yetu, chaonyesha kinyume chake, kisha tutazame shida inayomkabili mtu atakaye kukisimulia kwa Kiswahili.

Tarehe 8 Aprili 1968, ndege aina ya Boeing 707 ya shirika la Uingereza la BOAC iliruka kutoka uwanja wa Heathrow, London, ikielekea Zurich na hatimaye Sydney. Ndani yake mlikuwa na watu 127. Mara baada ya kuruka, gurudumu moja la kushindilia hewa katika injini namba 2 lilivunjika kwa sababu ya uchovu wa chuma. (Injini za ndege huhesabiwa kuanzia upande wa kushoto wa rubani aliyeketi akitazama mbele; kwa hiyo namba 2 ni ile ya ndani katika bawa la kushoto.) Punde si punde moto mkubwa ukawaka.

Hapa hatuna budi kueleza yanayotakiwa kutendwa katika hali kama hiyo. Injini huzungushiwa waya wa kuhisi joto. Joto likizidi kiasi, kengele hulia katika chumba cha marubani, na taa nyekundu huwaka ndani ya mkono maalumu ambao tutauita mkono wa moto. Rubani mmoja huendelea kurusha ndege wala hashughuliki na jingine. Mwenzake huinyamazisha kengele, na wote wawili huthibitisha ni injini ipi. Nguvu ya injini hiyo hupunguzwa, mafuta hukatwa, kisha mkono wa moto huvutwa. Kuuvuta mkono huo hufunga vali ya mafuta iliyo nje ya injini, na kuiweka tayari chupa ya gesi ya kuzimia moto. Katika ndege nyingi za leo taa ikiendelea kuwaka, gesi hufyatuliwa. Husubiriwa sekunde 30, na taa isipozimika chupa ya pili hufuata. Msomaji ataona kwamba gesi huja mwisho, kwani haina faida kubwa kumwaga gesi juu ya moto ambao bado unalishwa mafuta.

Turudi London. Wakati ule BOAC walikuwa na taratibu mbili za dharura, kila moja na orodha yake ya hatua: ya kwanza kwa ajili ya injini iliyoharibika vibaya, ya pili kwa ajili ya injini iliyoshika moto. Majina yake kwa Kiingereza yalikaribiana sana. Yote mawili yalianza na injini, na neno lililoyatenga lilianza kwa sauti ileile ya f. Hatudai kwamba sauti hiyo ndiyo iliyoleta msiba. Lakini yaliyotokea ni haya. Nguvu ya injini ilipopunguzwa ilhali magurudumu yamekwisha kukunjwa, honi ya magurudumu ililia, kama ilivyoundwa kufanya. Kengele ya moto nayo ikalia, ikanyamazishwa kwa makosa na mkono uliokusudia honi. Nahodha aliamuru utaratibu wa uharibifu. Moto ulipogunduliwa, akaamuru utaratibu wa moto. Mhandisi wa ndege akaihama orodha moja katikati na kuingia ya pili katikati, na katika kuhama huko mkono wa moto ukabaki haujavutwa.

Mafuta yakaendelea kumiminika. Injini iliungua hata ikang'oka, ikaanguka katika shimo la kokoto lililojaa maji huko Thorpe. Nahodha aliirudisha ndege Heathrow. Safari nzima haikuzidi dakika nne. Watu 122 waliokoka. Miongoni mwa watano waliofariki alikuwamo mhudumu wa ndege Barbara Jane Harrison, mwenye umri wa miaka 22, aliyebaki mlango wa nyuma akiwatoa abiria. Mwaka 1969 alitunukiwa nishani ya George Cross baada ya kufa. Uchunguzi wa serikali ulitaja kutofungwa kwa vali ya mafuta kuwa ndiyo sababu, na orodha zile mbili zikaunganishwa kuwa moja. Yaani mfanyakazi wa dharura hakuachiwa tena achague jina kabla ya kutenda.

Sasa na tujaribu kukieleza kisa hiki kwa lugha yetu kama tulivyozoea kusema. Tutasema kengele ilizimwa, injini ikazimwa, moto haukuzimwa, na taa haikuzimika. Kitenzi kimoja kwa mambo manne! Na mambo hayo ndiyo hasa ambayo katika chumba kile yalipaswa kutenganishwa. Tena dereva wa lori husema "injini imezima" akimaanisha imekufa yenyewe njiani, si kwamba yeye ameisimamisha. Mwandishi wa gazeti akiandika kwamba "marubani walizima injini iliyowaka", msomaji atajuaje ni kipi kilichotendeka?

Ni kweli kwamba amri za marubani, hata katika nchi zetu, hutolewa kwa Kiingereza. Lakini taarifa ya ajali husomwa bungeni, hufundishwa darasani, na huelezwa kwa jamaa za marehemu. Kwa hiyo tunapendekeza kengele *inyamazishwe*, injini *isimamishwe*, na *kuzima* kuachiwe moto peke yake, huku taa *ikitoweka* au *ikiendelea kuwaka*. Neno *drili* tusilifasiri kuwa "mazoezi", kama tulivyoliona mara kadhaa, maana msomaji atadhani wahudumu walikuwa wakijifunza. *Utaratibu wa dharura* latosha. *Hitilafu* nalo ni jepesi mno kwa injini iliyopasuka, nasi twapendelea *uharibifu*. Kuhusu *mkono wa moto* bado tuna wasiwasi, kwa kuwa *wenzo* ni sahihi zaidi kiufundi, ila mhudumu mmoja kati ya kumi ndiye angelitambua. Walimu wa ufundi na watuandikie wanavyouita katika karakana zao.