Kutoka Hoteli hadi kwa Mama Ntilie: Biashara ya Chakula Kilichopikwa katika Mji wa Tanga tangu 1893

1.0 Utangulizi

Historia ya mji wa Tanga imezoea kusimuliwa kwa kufuata njia tatu: ujenzi wa reli, kilimo cha katani na vita vya Novemba 1914. Njia hizo ni za msingi, lakini zote zinamtazama mkazi wa mji akiwa kazini au akiwa vitani. Mahali alipokula mchukuzi wa bandarini, karani wa forodha au fundi wa reli, na mtu aliyempikia, ni mambo yanayotajwa kwa kupita tu. Makala haya yanayaweka mambo hayo mawili katikati ya mjadala.

Hoja inayotetewa ni kwamba biashara ya chakula kilichopikwa mjini Tanga haikuzaliwa na anasa wala na mapenzi ya kula nje. Ilizaliwa na kazi ya ujira, iliyowaleta mjini watu wengi waliotengana na majiko yao. Kwa sababu hiyo, uchumi wa katani ulipoporomoka biashara hii haikuporomoka pamoja nao. Ilibadili wamiliki, mahali na jina. Ilitoka katika hoteli za mjini, zilizomilikiwa zaidi na wanaume na zilizokuwa na leseni, ikaingia mikononi mwa wanawake waliopika kandokando ya barabara.

Suala hili lina uzito hata leo. Mwezi Desemba 2018 serikali ilianza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000 kila kimoja, na mwaka 2021 wafanyabiashara wadogo wa mijini nchini Tanzania walihamishwa kutoka maeneo yasiyo rasmi. Katika mijadala iliyoambatana na hatua hizo, mama lishe alizungumzwa mara nyingi kama zao la ukosefu wa ajira wa miaka ya karibuni. Ikiwa historia inaonesha kwamba kazi yake ni sehemu ya mfumo uliouendesha mji tangu mwanzo, msingi wa mijadala hiyo unapaswa kutazamwa upya.

2.0 Maneno kama Ushahidi wa Kihistoria

Wapishi na walaji wa kawaida hawakuacha nyaraka nyingi. Waliacha maneno, na maneno hayo yakichunguzwa pamoja na sheria na ramani ya mji yanatoa ushahidi wa kutosha kuanzia.

Neno la kwanza ni hoteli. Katika Kiswahili cha kila siku cha Tanzania, hoteli si lazima iwe na vyumba vya kulala. Ni mahali pa kukaa kitako, kuagiza chai, chapati, wali au mchuzi, kisha kulipa na kuondoka. Neno liliingia kutoka lugha ya kigeni likiwa na maana ya malazi, nao watumiaji wakalipa maana waliyoihitaji wao. Mkahawa, au mgahawa kama wengine wasemavyo, unatokana na kahawa. Neno hili linahifadhi kumbukumbu ya utamaduni wa pwani wa kunywa kahawa chungu kwa vikombe vidogo, ikimiminwa kutoka katika dele, huku wanaume wakizungumza barazani. Katika utamaduni huo, kukutana kulitangulia kushiba.

Neno genge lina historia ya aina nyingine. Maana yake moja ni kundi la watu wanaofanya kazi pamoja. Maana nyingine ni kibanda au mahali panapouzwa vyakula. Maana hizi mbili zinaeleweka zikiwekwa pamoja: palipokuwa na kundi la vibarua, palihitajika chakula.

Mama ntilie ni jina la pekee zaidi, kwa sababu halitaji mahali wala chakula. Linatokana na kauli ya mlaji: mama, nitilie. Yaani jina la kazi lilitolewa na mteja aliyesimama na sahani yake, wala halikutoka kwa mmiliki au kwa ofisi ya leseni. Jina rasmi la mama lishe lilienea baadaye kama jina la heshima zaidi. Hoteli inatambulishwa na jengo lake. Mama ntilie anatambulishwa na uhusiano kati ya anayepika na anayekula. Tofauti hii ndiyo itakayofuatwa katika sehemu zinazofuata.

3.0 Reli, Bandari na Watu Wasio na Majiko, 1893–1939

Mwaka 1893 matukio mawili yaliamua mustakabali wa Tanga. Ujenzi wa reli ya Usambara ulianza mjini humo chini ya utawala wa Wajerumani. Reli ilifika Muheza mwaka 1896, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwanzoni mwa miaka ya 1910. Mwaka huohuo wa 1893, Richard Hindorf aliingiza miche ya katani, ambayo 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai. Kutokana na miche hiyo michache yalichipuka mashamba yaliyoizunguka Tanga kwa zaidi ya nusu karne.

Mashamba, reli na bandari vilihitaji wafanyakazi wengi kuliko waliopatikana pwani. Wengi wao walitoka mbali, wakiwemo watu wa Ruanda-Urundi na wa Msumbiji. Waliokuja kwa mkataba waliitwa manamba, kutokana na namba walizopewa. Ni muhimu kutofautisha hali mbili za ulaji hapa. Shambani, mfanyakazi wa mkataba alipewa posho, yaani mgawo wa chakula, ambayo ilipaswa kupikwa kambini. Mjini, kibarua alilipwa fedha. Mwenye posho alihitaji jiko, lakini mwenye fedha na asiye na jiko alihitaji mtu wa kumpikia.

Mazingira ya bandari ya Tanga yaliongeza hitaji hilo. Kwa muda mrefu meli kubwa zilitia nanga mbali na gati, na shehena ikavushwa kwa matishari. Kazi ya namna hiyo ilitegemea vibarua wa siku. Meli ilipokuwepo waliitwa kwa wingi, na ilipoondoka walikaa bila ujira. Mgomo wa wafanyakazi wa bandari wa Agosti 1939 umeelezwa na wanahistoria kama dai la ujira bora, nao ulikuwa hivyo. Kwa mtazamo wa makala haya, hata hivyo, ujira wa kibarua asiye na jiko ulikuwa kwa kiasi kikubwa ni bei ya sahani. Bei ya chakula kilichopikwa ilipopanda, mshahara wake ulikuwa umepungua, hata kama shilingi zenyewe zilibaki zilezile.

4.0 Mipaka ya Mji na Mipaka ya Meza

Mji ulipangwa kwa matabaka. Wazungu waliishi upande wa bahari kuelekea Raskazone. Katikati palikuwa pa maduka, ambapo Wahindi walikuwa na nafasi kubwa. Waafrika waliwekwa Ngamiani, mtaa uliopimwa kwa mistari iliyonyooka ambao barabara zake zinajulikana hadi leo kwa namba. Ulaji ulifuata mipaka hiyo. Wazungu walikula majumbani na katika vilabu vyao. Hoteli za katikati ya mji zilihudumia makarani, wasafiri na wafanyabiashara, na hata humo mlaji alizingatia dini: Mwislamu aliuliza kama nyama ni halali, naye Mhindu asiyekula nyama alihitaji jiko lisilopikiwa nyama kabisa.

Hata hivyo, vyakula vyenyewe havikuheshimu mipaka. Chapati, sambusa, bajia, biriani na pilau ni vyakula ambavyo majina yake yanaonesha safari ndefu kutoka Bara Hindi, Uajemi na Uarabuni, na vyote vilikuwa vyakula vya Ngamiani kama vilivyokuwa vya katikati ya mji. Kwa upande mwingine, bada, yaani ugali wa muhogo unaopendwa na wenyeji wa Tanga na vitongoji vyake, haukupata nafasi inayolingana katika hoteli. Uliendelea kuwa chakula cha nyumbani. Hoteli ilichagua vyakula vya kuonekana mezani, nayo nyumba ikabaki na vyakula vya kushibisha.

Itakuwa kosa kudhani kwamba katika kipindi hiki wanawake hawakuwemo katika biashara. Wanawake wa mitaa ya Waswahili walipika vitumbua, maandazi na mikate ya kumimina, wakauza kibarazani au kuwatuma watoto wapitishe mitaani. Lakini walichouza kilikuwa kitafunio, na jiko lao lilibaki ndani ya ua. Mlo kamili wa mchana, unaoliwa kwa kukaa, ulikuwa bado mali ya hoteli. Mabadiliko yaliyofuata baada ya uhuru yanapaswa kupimwa kwa kigezo hiki. Wanawake hawakuanza kupika kwa ajili ya kuuza. Walianza kuuza mlo wenyewe, tena nje ya ua.

5.0 Uhaba na Kuhama kwa Jiko, 1967–1986

Katikati ya miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani wa katani, ikifikia takriban tani 230,000 mwaka 1964. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu zaidi ya watu 60,000 mjini Tanga. Bei ya katani ilikuwa imeanza kuporomoka kwa ushindani wa nyuzi za viwandani, na baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 sehemu kubwa ya mashamba ilitaifishwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji wa nchi nzima ulikuwa umeshuka hadi takriban tani 20,000.

Kwa hoteli za mjini, mapigo matatu yalifuatana. La kwanza ni sheria ya mwaka 1971 ya kutwaa majengo, iliyohusu majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000. Wenye asili ya Asia waliathirika zaidi, na wengi wakaihama nchi. La pili ni Operesheni Maduka ya mwaka 1976, iliyovuruga biashara binafsi ya rejareja. La tatu, na zito kuliko yote, ni uhaba wa bidhaa wa mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambapo unga, sukari na mafuta vilipatikana kwa foleni na kwa mgawo. Mahindi ya njano kutoka ng'ambo yaliingia, na watu wakayabandika jina la utani la unga wa Yanga, kwa rangi ya jezi za klabu hiyo.

Namna uhaba huo ulivyofanya kazi inastahili kuelezwa kwa makini. Hoteli ilitegemea unga wa ngano kwa chapati na maandazi, sukari kwa chai, na mafuta kwa kukaangia: bidhaa zilezile zilizodhibitiwa na kuadimika. Mwenye leseni alikuwa na anwani, kwa hiyo mkaguzi wa bei alijua pa kumpata. Mama ntilie alipika kwa kilichopatikana siku hiyo, kiwe muhogo, dagaa, maharage, kisamvu au samaki wa pwani. Hakuwa na kodi ya jengo, na mtaji wake ulikuwa sufuria, mafiga na gunia la mkaa. Udhaifu wake kisheria ulikuwa ndio nguvu yake kiuchumi.

Aili Mari Tripp, katika kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu Dar es Salaam, alionesha jinsi mishahara iliyopoteza thamani ilivyozisukuma familia kutegemea shughuli zisizo rasmi, hasa za wanawake. Maelezo hayo yanaifaa Tanga pia, ila kwa nyongeza moja. Katika Tanga, mke wa mfanyakazi aliyeanza kuuza chakula alikuwa akimuuzia mfanyakazi mwingine ambaye mshahara wake nao haukutosha. Sahani ya bei nafuu ilimwezesha huyo wa pili kuendelea kwenda kazini. Kwa maneno mengine, jiko la kando ya barabara lilifidia upungufu wa mshahara pande zote mbili.

Dola haikuliona hivyo. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983, iliyokusudia kumpa kila mtu kazi ya uzalishaji, iliwaweka wachuuzi wengi wa mijini katika hatari ya kuhesabiwa kuwa wazururaji. Mwanamke aliyeamka alfajiri kuwasha moto ili wengine wafike kazini wameshiba alitakiwa athibitishe kwamba yeye mwenyewe anafanya kazi.

6.0 Baada ya Ulegezaji wa Masharti

Ulegezaji wa masharti ya biashara kuanzia mwaka 1984, uliopanuliwa katika awamu ya Rais Ali Hassan Mwinyi, ulirudisha bidhaa madukani bila kurudisha ajira. Kiwanda cha mbolea cha Tanga, kilichoanza miaka ya 1970, kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mikahawa mipya ilifunguliwa, vibanda vya chipsi vya vijana wa kiume vikaongezeka, nao mama ntilie hawakuondoka. Kilichoibuka ni ngazi ya bei, ambapo mlaji mmoja aliweza kupanda au kushuka kulingana na tarehe ya mwezi.

Tanga ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2005. Idadi ya wakazi wake ilikuwa takriban 273,000 mwaka 2012 na takriban 393,000 mwaka 2022. Jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, liliwekwa Chongoleani mwaka 2017, na bandari imeongezwa kina ili meli zifike gatini. Kazi za ujenzi wa aina hii zinaleta tena mtu tuliyekutana naye mwaka 1893: mfanyakazi mwenye ujira, aliye mbali na jiko lake.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejadili biashara ya chakula kilichopikwa mjini Tanga kama sehemu ya historia ya kazi. Imebainika kwamba hoteli na mama ntilie si hatua mbili za maendeleo, moja ya kisasa na nyingine ya kubahatisha. Ni majibu mawili kwa hitaji moja, na jibu la pili ndilo lililostahimili miaka ambayo la kwanza lilishindwa. Imebainika pia kwamba jiko hilo limekuwa likibeba gharama ambayo waajiri hawakuilipa kikamilifu katika mshahara.

Kutokana na matokeo hayo, uamuzi wa kumhamisha mama lishe hauwezi kuhesabiwa kuwa suala la usafi na mpangilio wa mji peke yake. Kila hatua anayosogezwa mbali na lango la bandari, karakana au eneo la ujenzi ni muda na nauli vinavyoongezwa katika gharama ya sahani, na anayeilipa gharama hiyo ni kibarua. Wapangaji wa jiji wanaotenga maeneo ya biashara wangefaa kuanza na swali la mahali kazi ilipo, kwa kuwa ndipo jiko lilipowekwa tangu reli ilipoanza kujengwa.