Kisangani (matembezi ya mjini)

Kisangani ni makao makuu ya jimbo la Tshopo, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mji huu ulianza 1883 kama kituo cha Stanley Falls. Mwaka 1887 mfanyabiashara Tippu Tip wa Zanzibar alifanywa gavana wake. Uliitwa Stanleyville hadi 1966. Majengo ya enzi ya Wabelgiji yangali katika mtaa wa Makiso, na kanisa kuu la Bikira Maria wa Rozari linatazama mto Kongo. Lakini ustadi mkubwa kuliko yote uko majini: wavuvi wa kabila la Wagenia husimika magogo kwenye mashimo ya miamba, wakayafunga kwa kamba za msituni na kuning'iniza madema makubwa yanayokinga samaki katika maporomoko ya Boyoma. Ukienda, patana bei ya mtumbwi kabla ya kupanda.