Ukoo, Ardhi na Malezi: Kabila la Mtu katika Nyanda za Karatu

Watu wengi hudhani kwamba kabila ni jambo la damu tu, na kwamba mtu huzaliwa nalo kama azaliwavyo na rangi ya macho yake. Dhana hiyo huanza kuyumba mara tunapomkuta mtu ambaye baba yake ni wa kabila moja na mama yake ni wa jingine, au ambaye babu yake alihamia kutoka nchi nyingine. Je, mtu huyu ahesabiwe kuwa nani? Na ni nani aliye na haki ya kuamua? Ili tulichunguze swali hili kwa mfano halisi, na tuitazame Endamarariek, kata ya Wilaya ya Karatu, pamoja na nchi inayoizunguka kati ya Ngorongoro, Mbulu na bonde la Ziwa Eyasi.

Ni nadra kupata sehemu ya Afrika ambamo lugha za asili tofauti zimekaribiana kiasi hiki. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi. Kidatoga na Kimaasai ni za Kiniloti. Kiihanzu, kinachosemwa kusini mwa Ziwa Eyasi, ni cha Kibantu. Kihadza cha wawindaji wa bonde hilo hakina ndugu anayejulikana. Wairaqw, ambao leo ndio wengi katika Karatu, walienea huko hasa katika karne ya 20 wakitoka Irqwa Da'aw katika milima ya Mbulu. Kabla yao nchi hiyo ilikuwa malisho ya Wadatoga na Wamaasai, na hata ndani ya kasoko ya Ngorongoro yamo makaburi ya Wadatoga, waliokaa humo kabla ya Wamaasai kuwaondoa katika karne ya 19.

Majirani hao walipigana mara nyingi, lakini pia walioana, wakawekeshana ng'ombe na kupokeana nyakati za njaa. Matokeo yake yanaonekana katika koo za Wairaqw wenyewe. Koo nyingi hukiri waziwazi kwamba mwanzilishi wake alikuwa Mdatoga, Mgorowa, Mmaasai au Mwihanzu. Hata ukoo wa Manda, unaotoa waganga wakuu wenye dhamana ya mvua na ulinzi wa nchi, husimuliwa kuwa ulitoka Ihanzu. Nade Bea, mganga aliyesifika sana katika karne ya 20, alikuwa wa ukoo huo. Kama damu pekee ndiyo ingekuwa kipimo, basi Wairaqw wangekuwa wamekabidhi jambo lao takatifu kuliko yote mikononi mwa wageni. Wao hawakuona hivyo. Kwao Manda walikuwa Wairaqw.

Ni kitu gani basi kilichomfanya mgeni kuwa mwenyeji? Jibu la kwanza ni ardhi. Wairaqw waliigawa nchi yao katika maeneo yaitwayo aya, kila moja likiwa na mipaka yake na wazee wake. Baraka na laana za nchi ziliwapata wote waliokaa ndani ya mipaka hiyo, na wazee walipofanya tambiko la kuitakasa aya, walimtakasia kila mkazi wake. Aliyepewa mahali pa kujenga, akalima pamoja na jirani zake na kushiriki matambiko yao, aliingia katika jamii hiyo. Watoto wake walisema Kiiraqw, na wajukuu wake hawakuulizwa tena.

Jibu la pili ni malezi. Mfano mzuri ni wa Wahadzabe. Baadhi ya wanawake wao wameolewa na wanaume wa makabila jirani, hasa Waihanzu. Mara nyingi mama kama huyo, ndoa ikivunjika, hurudi kambini kwao na watoto wake. Watoto hao hukua wakisema Kihadza, wakichimba mizizi na kurina asali, nao huwa Wahadzabe ingawa baba zao si Wahadzabe.

Hata hivyo, tusiseme kwamba nasaba haikuwa na maana. Miongoni mwa Wairaqw mtoto huhesabiwa katika ukoo wa baba, na asili ya ukoo hukumbukwa vizazi na vizazi, kwa sababu ndiyo inayoonyesha ni nani wasioweza kuoana. Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Ukoo ulijibu swali la "umetoka wapi", na kabila lilijibu swali la "unaishi na nani, na kwa desturi zipi". Mtu aliweza kuwa Mdatoga kwa asili na Mwiraqw kwa maisha, asionekane mwongo wala msaliti.

Utawala wa kikoloni uliyachanganya maswali hayo mawili. Waingereza, kwa sheria ya 1926 ya mamlaka za wenyeji, waliwatawala watu kupitia machifu, nao walipendelea kila mtu awe na kabila moja na kila kabila liwe na eneo lake. Hata majina yaliyotumika hayakuwa ya wenyewe: "Wambulu" ni jina la mahali, na "Mang'ati", waitwavyo Wadatoga, latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya adui.

Baada ya Uhuru wa 1961, mamlaka ya machifu yalifutwa mwaka 1963, na sensa ya 1967 ikawa ya mwisho kuuliza kabila. Lakini swali lenyewe halikufa. Ardhi inapopungua, na mkulima na mfugaji wanapogombea malisho, mtu mwenye wazazi wa makabila mawili aweza kuambiwa kwamba hapa si kwao, ingawa amezaliwa hapo. Hapo kabila hugeuzwa silaha ya kumnyima jirani haki yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 haikubali kipimo hicho. Kwa sheria hiyo, mwanakijiji ni yule akaaye kijijini kwa kawaida, au anayetambuliwa hivyo na halmashauri ya kijiji. Kanuni hiyo haiko mbali na ile ya aya.

Ingefaa basi walimu wawahimize wanafunzi kuwauliza wazee asili za koo zao na kuziandika. Bila shaka wengi watagundua kwamba katika ukoo wao yumo mgeni aliyepokewa. Ajuaye hivyo hatakuwa mwepesi kumwambia mwenzake arudi kwao.